Mbwa mwenye nguvu nyingi, jamaa yenye kazi nyingi: tulichojifunza kwa Turbo

GOMA. Mmezoea kunisikia nikiwaletea habari za barabara, bei ya makala, maji yaliyokatika na jamaa zilizohama. Leo naomba ruhusa nizungumze juu ya nyumba yangu mwenyewe, na habari yenyewe ni ya mbwa. Najua kuna atakayesema: watu wanatafuta mahali pa kulala, wewe unatuletea mbwa? Lakini wengi wenu mmeniuliza njiani kama mbwa mkali anasaidia dhidi ya wezi wa usiku, na ni wapi mtu anaweza kumpata. Mimi nilimpata. Nilimrudisha. Ningependa mjue sababu.

Mambo haya yalianza mwaka 2024, wakati wa kiangazi, hapa kwetu Katoyi. Nyumba yetu ni ya mbao, vyumba vitatu, kiwanja kidogo cha mchanga mweusi wa volkano, ukuta wa mawe ambao haujamalizika upande mmoja. Ndani tulikuwa watu kumi: mimi na mama watoto, watoto wetu wanne, na shemeji yangu na watoto wake watatu, waliokimbia Kitchanga mwanzoni mwa 2023. Mama watoto anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda Kituku kununua sambaza, kisha anaziuza sokoni Virunga hadi jioni. Mimi napanda pikipiki kwenda Bulengo, Lushagala au mahali popote penye habari, narudi giza likiingia. Watoto wako masomoni. Shemeji anafua nguo za watu. Nawaeleza hayo ili mjue ni nyumba ya namna gani iliyotaka mbwa.

Usiku, risasi zilikuwa zinalia mtaani. Kwa jirani waliingia mara mbili, wakachukua simu na franga za biashara. Ndipo rafiki yangu mmoja, mlinzi wa usiku, akaniambia: «Ndugu, niko na mbwa. Bwana wake alikuwa mgeni, amemaliza kazi, amerudi kwao. Ameniachia. Mimi siwezi. Chukua bure.»

Bure! Wakaaji wa Goma, ninyi mnajua neno hilo linavyofungua masikio.

Mbwa mwenyewe alikuwa na miezi kumi, rangi ya udongo, uso mweusi, masikio yamesimama kama askari kwenye gwaride. Ni mbwa wa aina ya Malinois. Asili yake ni Ubelgiji, na jina linatoka mji wa Malines, ambako walimzalisha kwa kazi ya kuchunga kondoo. Leo polisi na majeshi ya nchi nyingi wanamtumia. Dume akikomaa anaweza kufika kilo 25 hadi 30, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 12 au zaidi. Jina lake lilikuwa Turbo, na kweli hakulipewa bure.

Mama watoto alikataa mara moja. «Watu kumi, na wewe unaongeza wa kumi na moja mwenye miguu minne?» Mtoto wetu wa kwanza, kijana wa miaka 14, aliapa kwamba yeye ndiye atamtunza. Mimi nilikuwa upande wa kijana. Tukapatana: wiki moja ya kujaribu, kisha tuamue.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Watoto wa mtaa wote walijaa mlangoni. Turbo alikaa akiambiwa «assis», akatoa mkono akiambiwa «patte», kwa sababu Kifaransa ndicho alichofundishwa. Nilijiona mkubwa.

Siku ya pili alitafuna kandambili mbili, kiatu cha shule na waya wa simu yangu. Nilimpiga kelele. Akanitazama kana kwamba ananiuliza: sasa tunafanya kazi gani? Hapo sikuelewa. Nilifikiri ni utundu. Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwamba mbwa wa kazi akikosa kazi anajitafutia yake mwenyewe, na kazi anayoipata kwa kawaida ni viatu vyako.

Siku ya tatu tukaanza mbio. Daktari alikuwa amesema mbwa huyu anahitaji saa moja hadi mbili za kukimbia na kuchezeshwa, kila siku, hata siku ya mvua, hata siku ya maombolezo. Niliamka saa kumi na moja, wakati mama watoto anatoka. Tulikimbia kijana, mbwa na mimi, nikishika kamba. Yeyote anayeijua njia ya Katoyi anayajua mawe yetu. Mimi nilijikwaa mara tatu, Turbo hakujikwaa. Kisha chukudu moja ikateremka imebeba magunia ya viazi, na gurudumu likapiga kelele kwenye mawe. Turbo akaruka. Kamba ikanichubua kiganja. Mwenye chukudu alipiga breki kwa mguu, karibu aanguke na mzigo wote. Alinitukana, na alikuwa na haki. Mbwa wa kuchunga akiona kitu kinakimbia, damu yake inamwambia akizunguke na kukisimamisha. Chukudu, pikipiki, mbuzi, mtoto: kwake vyote ni kondoo.

Tulirudi nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Mimi nimechoka hadi mifupani. Yeye alikunywa maji nusu ndoo, akazunguka kiwanja mara mbili, akaniletea kandambili ili tuendelee.

Hayo maji nayo tulianza kuyahesabu. Bidoni ya lita 20 kwetu inanunuliwa, na watu kumi wanaoga, wanapika, wanafua. Chakula pia. Tulimpa bugali na vichwa vya sambaza, na bado mbavu zilionekana. Mbwa anayekimbia namna hiyo anahitaji chakula chenye nguvu, na mtoto wa shemeji, yule wa miaka tisa, alisimama akitazama sahani ya mbwa. Hakusema kitu. Mimi niliona.

Ni huyo mtoto ambaye alitufikisha kwenye uamuzi. Siku ya tano, saa nane mchana, alikuwa anakimbia kiwanjani akimfuata mdogo wake. Turbo alikuwa amefunguliwa. Alimzunguka, akamkamata kwenye kisigino kama anavyokamata kondoo anayetoka njiani. Hakutaka kumla. Lakini jino lilipita kwenye ngozi, tone la damu likatoka. Mtoto hakulia hata kidogo, na hilo ndilo lililotutisha. Aliingia chini ya kitanda na hakutoka kwa saa nzima. Shemeji alituambia baadaye kwamba hivyo ndivyo alivyofanya Kitchanga siku ya risasi za kwanza.

Hapa naomba msikilize vizuri, hasa ninyi wazazi mlio katika jamaa za kupokea wageni. Mbwa akikuuma, hata kama ni tone moja, hata kama ni mbwa wa nyumbani, osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Msiweke majivu, mafuta wala majani. Kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikitolewa mapema inazuia. Watu wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani waliumwa na mbwa, na kati yao kuna watoto wengi.

Tulimtoa mtoto chini ya kitanda, tukamwosha, tukampeleka. Muuguzi aliuliza swali la kwanza: «Mbwa ana chanjo?» Nilibaki mdomo wazi. Nilikuwa nimeuliza jina lake, umri wake, kama anajua kulinda. Chanjo sikuuliza. Mimi ambaye nimesoma redioni matangazo ya tarehe 28 septemba, siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa! Mtoto alianza sindano, na sisi tukaambiwa mbwa asiondoke, asiuawe, afungwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Mbwa mwenye ugonjwa huo anapofikia hatua ya kuuambukiza kwa mate, kwa kawaida anaonekana mgonjwa au anakufa ndani ya siku hizo. Siku mbili baadaye rafiki yangu alimpata yule bwana wa zamani kwa WhatsApp, naye akatuma picha ya kitabu cha chanjo. Tulipumua. Lakini siku kumi tulizimaliza kama tulivyoelekezwa.

Kwa hiyo wiki moja ya kujaribu ikawa zaidi ya wiki mbili, na katika siku hizo kumi niliona jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku na kupita. Niliona mbwa mwenye nguvu akiwa amefungwa. Kijana alijitahidi kumchezesha akiwa kwenye kamba, alimficha vichwa vya sambaza chini ya mawe ili avitafute kwa pua, na hiyo ilimtuliza kidogo. Lakini mchana wote alizunguka mti wa parachichi, kushoto, kulia, kushoto, hadi akachimba duara kwenye mchanga mweusi. Usiku alibweka kila kitu: upepo, paka, mlevi, mvua. Jirani mwenye mtoto mchanga alikuja kutuomba kwa heshima, mara ya pili bila heshima. Mbwa tuliyemleta ili tulale alikuwa ametunyima usingizi mtaa mzima.

Na hata hivyo, ndugu zangu, siku ya nane wezi walikuja.

Ilikuwa saa nane usiku. Turbo alibweka kwa sauti tofauti, ya chini, ya kifua. Tulisikia miguu upande wa ukuta ambao haujamalizika. Kisha kimya. Kisha miguu ikienda mbali. Asubuhi tuliona alama za viatu kwenye mchanga, hatua tatu ndani ya kiwanja. Hawakuendelea.

Hapo mambo yakageuka. Mama watoto, ambaye hakutaka kumwona, alisema: «Abaki.» Alimpikia bugali yeye mwenyewe. Mimi niliyemtaka sasa nilikuwa na hofu, kwa sababu ya yule mtoto. Kijana alikuwa amechoka. Walimu walikuwa wamemkuta amelala darasani. Tulikaa jamaa nzima jioni ya jumapili, watoto wakiwemo, kila mtu aseme.

Mama watoto alisema: mbwa huyu alituokoa. Ni kweli. Mimi nikasema: alituokoa kwa sababu anabweka, na mbwa wa kienyeji naye anabweka, nguvu hizi nyingine zote tutazipeleka wapi? Nikawaeleza yale niliyoyaona Rumangabo, nilipokwenda kwa ajili ya habari. Parki ya Virunga ina mbwa wa kunusa wanaosaidia walinzi kufuata nyayo za wawindaji haramu. Mbwa wale wana walinzi wao waliofundishwa, wana mazoezi, wana mahali pao. Hata wawindaji wa Ituri, walio na mbwa wa basenji ambaye habweki sana, wanamfunga kengele ya mti shingoni na kwenda naye msituni. Kule nguvu ya mbwa ina kazi. Kwetu ina mti wa parachichi.

Shemeji alikuwa hajasema. Katika nyumba ya dada yake hapendi kutoa maoni, anajiona mgeni. Tulimwomba aseme. Alisema hivi, nami ninarudia karibu maneno yake:

«Kitchanga tulikuwa na mbwa. Siku ya kukimbia nilimfungua, nikamwambia baki ulinde nyumba. Hakubaki. Alitufuata kwa miguu hadi Mweso. Alilala nasi nje. Halafu tulipopata nafasi kwenye lori, dereva akasema watu tu. Mbwa alikimbia nyuma ya lori. Watoto wakalia, huyu ndiye aliyelia zaidi. Nikachukua jiwe kwenye lori, nikamtupia ili arudi. Nilimpiga. Mpaka leo mtoto ananiuliza kwa nini nilimpiga. Mimi sisemi mbwa abaki au aende. Nauliza tu: siku ya kukimbia, ni nani atakayetupa jiwe?»

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikumbuka tarehe 27 mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya mji ilipoambiwa ihame asubuhi na mapema. Nilitembea kuelekea Sake na godoro kichwani, na nyuma ya mageti nilisikia mbwa waliofungwa. Nilisikia nikapita. Sote tulipita.

Kijana wangu ndiye aliyemaliza kikao. Alisema: «Papa, niliapa kumtunza, lakini saa zake sina.» Alilia. Mtoto wa miaka 14 aliyekubali kwamba mapenzi yake hayatoshi alinifundisha kuliko daktari.

Siku kumi zilipoisha na mbwa akiwa mzima, tulimpeleka Himbi, kwa kijana mmoja anayefundisha mbwa wa ulinzi. Ana kiwanja chenye ukuta, ana vijana wawili wanaokimbia na mbwa kila asubuhi. Alimtazama Turbo, akamrushia kipande cha mpira, akatabasamu. Tulipatana jambo moja: kila jumamosi mtoto wangu aje kumkimbiza saa moja na kujifunza kazi. Saa moja kwa wiki anayo. Mtoto wa shemeji alimaliza sindano zake. Kisigino kilipona kabla ya moyo, lakini jumamosi moja aliomba kwenda, akasimama nyuma ya ukuta akamtazama Turbo akiruka. Alisema tu: «Huyu hafungwi.»

Na wezi? Tulimalizia ukuta kidogokidogo, na pamoja na majirani tukapanga filimbi na sufuria: mmoja akisikia kitu, anapiga, wote tunapiga. Jirani mwenye mtoto mchanga ndiye anayepiga zaidi.

Mwishoni mwa januari 2025 vita viliingia mjini. Mnayajua, sina haja ya kuwasimulia. Tulilala chini siku kadhaa, watu kumi katika chumba kimoja, bila umeme, maji tukiyapima kwa kikombe. Katika milio ile nilimfikiria Turbo kwenye duara lake chini ya mti wa parachichi, na nilimshukuru Mungu kwamba hayupo pale. Njia zilipofunguka nilikwenda Himbi. Alikuwa hai. Yule kijana alikuwa amejifungia naye chumbani na mbwa wengine, akiwapa wali mkavu. Turbo alininusa mkono, kisha akaniletea kipande cha mpira.

Siwaambii msifuge mbwa. Mbwa ametulinda tangu mababu. Lakini kabla ya kupokea mbwa mwenye nguvu nyingi, hata wa bure, kaeni chini jamaa nzima na mjiulize haya:

Ni nani atakayempa saa yake kila siku, na mtu huyo akiugua au akisafiri, ni nani mwingine? Msikubali jibu la «sote», kwa sababu maana yake ni «hakuna».

Maji na chakula chake vitatoka wapi bila kupunguza sahani ya mtoto?

Katika nyumba kuna mtoto mdogo, mzee, au mtu aliyetoka katika vita anayeshtuka? Mwulizeni yeye kwanza, na mwulizeni hata kama anajiona mgeni.

Kitabu cha chanjo kiko wapi? Mtoto wa mbwa anaanza chanjo ya kichaa akiwa na miezi mitatu, kisha inarudiwa kama daktari anavyoelekeza.

Mnataka abweke, au mnataka afanye kazi? Kama ni kubweka tu, mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, anayelala mchana na kuamka usiku, atawatosha.

Na la mwisho ni la shemeji yangu. Siku ya kukimbia, mtamfanya nini? Kama jibu lake linawauma leo, mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu, lisikieni leo.

Wenye mbwa waliofungwa, leo jioni mfungueni kidogo, mtembee naye hata hadi mwisho wa avenyu. Mtanipa habari.